"Wananchi wanataka nidhamu ianguke": maasi ya nchi za Kiarabu na ugomvi wa majina yake

Mwanzoni mwa mwaka 2011, barazani kwetu Tanga, redio ilikuwa haizimwi. Kila taarifa ya habari ilikuja na sauti ya umati kutoka Cairo, ikirudia maneno yale yale kwa mapigo kama ya ngoma: "Ash-shaab yurid isqat an-nidham." Kijana mmoja aliyekuwa anamenya chungwa akauliza, "Wanataka nidhamu ianguke? Basi hao wanataka fujo." Mzee mwenye Kiarabu chake cha chuoni akacheka. "Nidhamu hiyo si hii yenu ya paredi," akasema. "Hiyo ni nidhamu ya wakubwa."

Ufafanuzi mfupi kuliko huo sijausikia tena. Neno ni lile lile, limevuka bahari likabadilika tabia. Huku kwetu nidhamu ni adabu, ni kufuata kanuni, ni mwanafunzi aliyechomekea shati. Kwa Waarabu ni mpangilio mzima wa utawala: rais, chama chake, polisi wake wa siri, na mara nyingi shemeji zake wenye mabenki. Kwa hiyo sentensi ya kuangusha utawala ilimfikia Mswahili kama madai ya utovu wa nidhamu. Watawala wenyewe nao walitamani isikike hivyo hivyo.

Hapo ndipo penye fundo ninalotaka kulifungua. Jina la maasi huwa sehemu ya maasi yenyewe. Linaamua yalianza lini, yamekwisha au bado, nani shahidi na nani mhuni, na wakati mwingine nani ataendelea kupokea fedha za Marekani.

Tuanzie Sidi Bouzid, mji wa wakulima katikati ya Tunisia, mbali na fukwe za watalii. Ijumaa ya tarehe 17 Desemba 2010, watu wa manispaa walimkamatia Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa matunda wa miaka 26, bidhaa pamoja na mizani yake. Akaenda kulalamika ofisi ya mkoa. Hakusikilizwa. Akajimwagia mafuta mbele ya jengo hilo, akajiwasha moto. Alifariki 4 Januari 2011, na siku 10 baadaye Zine El Abidine Ben Ali, mtawala wa Tunisia tangu 1987, akapanda ndege kwenda Saudi Arabia.

Kisa hicho kilianza kufinyangwa majivu yakiwa bado ya moto. Habari zikasambaa kwamba Bouazizi alikuwa msomi wa chuo kikuu aliyekosa ajira. Hakuwa, hata sekondari hakuimaliza. Zikasema alipigwa kofi na askari wa kike. Askari huyo alikana, na Aprili 2011 mahakama ikamwachia huru. Digrii na kofi vilikuwa na kazi yake. Digrii iliwagusa vijana wa mijini waliojaa vyeti visivyo na kazi, watu ambao machinga wa mkokoteni asingewatoa majumbani. Kofi liligusa neno lililobeba maandamano yote: karama.

Nalo ni neno jingine linalotupoteza. Kwetu karama ni kipaji cha Mungu. Tunasema fulani ana karama ya kuimba, au ya kuombea wagonjwa. Kwa Kiarabu ni heshima anayostahili mtu kwa sababu tu ni mtu. Kiswahili chake ni utu. Watunisia wengi waliyaita waliyoyafanya mapinduzi ya uhuru na utu. Vyombo vya habari vya Ulaya vikayaita Mapinduzi ya Asumini, na jina hilo lilinuka vipeperushi vya utalii. Isitoshe, kulikuwa na waliokwisha kulitumia kumpamba Ben Ali mwenyewe alipochukua madaraka 1987.

Hata "uhuru" hapo unataka maelezo. Kwetu neno hilo lina bendera na tarehe: 9 Desemba, 12 Desemba, usiku wa mkoloni kushusha bendera yake. Waarabu wana maneno mawili. Lile la kumtoa mkoloni ni istiqlal, na Tunisia ilikuwa imelipata tangu 1956. La pili, hurriyya, ndilo lenye mzizi mmoja na uhuru wetu, na ndilo walilokuwa wakilidai mwaka 2011 kutoka kwa mtoto wa nchi yao wenyewe. Mtangazaji akisema kwa Kiswahili "Watunisia wanadai uhuru," msikilizaji anaweza kujiuliza ni Mfaransa yupi aliyesahaulika kule.

Wamisri nao walikuwa na kaulimbiu ambayo sikio la Kiswahili linaidaka haraka: aish, hurriyya, adala igtimaiyya. Mkate, uhuru, haki ya kijamii. Kwa Waarabu wengi mkate ni khubz, lakini Mmisri anauita aish, mzizi ule ule wa aishi na maisha yetu. Mkate ndio kuishi. Nadhani hakuna tafsiri inayoweza kuubeba utani huo mzito katika neno moja, ila Kiswahili kinaukaribia kwa bahati ya ukoo.

Machipuko yasiyo na mwenyewe

Jina lililokuja kutawala dunia nzima, Arab Spring, lilitoka kwingine. Mapema Januari 2011, kabla hata Ben Ali hajakimbia, mwanazuoni Mmarekani Marc Lynch alilitumia katika jarida la Foreign Policy, na baada ya wiki chache likawa kila mahali. Kiswahili chake tuliking'ang'ania kwa taabu: Machipuko ya Kiarabu, Majira ya Machipuko, na tafsiri nyingine za kubahatisha. Sisi tuna masika, vuli, kipupwe na kiangazi. Machipuko si msimu ambao Mswahili anausubiri, na ilibidi mtu aelezwe kwanza hali ya hewa ya Ulaya ndipo aelewe habari za Cairo.

Jina lenyewe lilikuwa la mtumba. Mwaka 1848 Ulaya ilipowaka maasi kutoka Paris hadi Budapest, watu waliyaita machipuko ya mataifa; kufika mwishoni mwa 1849 karibu yote yalikuwa yamezimwa. Mwaka 1968 yakaja ya Prague, na Agosti vifaru vya Kisovieti vikaingia mjini. Waarabu pia waliwahi kulitumia: mjadala wa wazi ulioruhusiwa Syria kwa miezi michache baada ya Bashar al-Assad kurithi kiti mwaka 2000 uliitwa Machipuko ya Damascus, na wengi wa waliojadili waliishia jela. Kwa hiyo aliyeijua historia ya jina hilo angeweza kusita kulipa kinywa.

Tatizo lake kubwa zaidi ni kwamba msimu hauna mtu. Machipuko huja yenyewe, hayaandaliwi na chama cha wafanyakazi, hayapigwi risasi. Yakishapita, mwandishi anaruhusiwa kusema "sasa ni majira ya baridi ya Kiarabu" na kufunga kitabu, kana kwamba Jenerali fulani ni mawingu.

Idhaa zetu za Kiswahili zilitumia pia neno vuguvugu: "vuguvugu la mapinduzi katika nchi za Kiarabu." Sijui kama aliyelichagua alifikiri sana, lakini kwangu ndilo lililokaribia shabaha. Maji vuguvugu ni maji yaliyo njiani kuchemka, na yanaweza pia kupoa. Neno la Kiarabu, thawra, limetoka kwenye mzizi wa kuinuka na kufoka. Ndio huo huo unaotumika kwa volkano inapolipuka, na fahali anaitwa thawr.

Tehran walikuwa na jina lao. Februari 2011 Ayatollah Khamenei aliyaita maasi ya Misri na Tunisia mwamko wa Kiislamu, mwendelezo wa yale ya Iran ya 1979, na Septemba mwaka huo ukafanyika mkutano mkubwa wa kimataifa wenye jina hilo. Aliyekuwa akisikiliza idhaa ya Kiswahili ya Redio Tehran alilisikia neno hilo asubuhi na jioni. Lakini Wasyria walipoingia barabarani, mwamko haukuwahusu. Kule, kwa Tehran, ilikuwa njama ya maadui. Serikali za Ghuba zikafanya kinyume chake: Syria ni wananchi wanaodai haki, Bahrain ni mkono wa Iran. Ukitaka kujua urafiki wa serikali mbili mwaka ule, ungetazama tu ni nani anamwita nani mwananchi.

Aliyepindua jana

Kiswahili kina udhaifu mmoja hapa ambao ni vizuri tuukiri. Neno "mapinduzi" linabeba mizigo miwili. Umma ukimwangusha rais ni mapinduzi, kanali akimwangusha rais saa tisa usiku ni mapinduzi pia, na tunalazimika kuongeza mkia, ya umma au ya kijeshi. Kiarabu kinatenganisha: thawra ni ya watu, inqilab ni ya wenye bunduki. Cha kuchekesha ni kwamba inqilab imetoka kwenye kitenzi cha kugeuza juu chini, yaani kupindua kwetu hasa. Na ukivuka kwenda Iran, neno hilo hilo ndilo jina tukufu la Mapinduzi ya 1979. Neno moja, mwambao mmoja tusi, mwambao wa pili sifa.

Mgawanyo huo wa Kiarabu unaonekana safi mpaka utazame waliokuwa madarakani. Maofisa waliomwondoa Mfalme Farouk wa Misri Julai 1952 waliita kazi yao kwanza harakati tu, harakati yenye baraka. Baadaye ndipo ikapandishwa cheo kuwa thawra. Muammar Gaddafi alichukua Libya 1 Septemba 1969 na vijana wenzake wa jeshini, akaiita thawra. Hafez al-Assad, baba yake Bashar, aliwageuka wenzake wa chama cha Baath Novemba 1970 na kuita tendo hilo Harakati ya Kusahihisha. Ben Ali aliwaita madaktari watie saini kwamba Rais Habib Bourguiba hajiwezi tena, akaiita siku hiyo Mabadiliko. Ina maana vijana wa 2011 walikuwa wakipinga watu ambao tayari walikuwa wamelihodhi neno. Gaddafi alilisema waziwazi katika hotuba yake ya 22 Februari 2011: yeye hana wadhifa wa kujiuzulu, yeye ni kiongozi wa mapinduzi. Katika hotuba hiyo hiyo waandamanaji aliwaita panya na kuahidi kuwasaka uchochoro kwa uchochoro.

Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa hili na wageni. Tarehe 12 Januari 1964 Unguja ni Mapinduzi Matukufu kwa serikali, kwenye sherehe na kwenye vitabu vya shule. Wapo wanaoita mavamizi, na ukienda Muscat utakuta familia zinazozungumza Kiswahili kizuri kuliko cha kwangu ambazo hulitaja tukio hilo kwa sauti ya chini na kwa jina jingine kabisa. Siku moja, na kila jina linakuambia anayesema alikuwa upande gani wa bunduki, au babu yake.

Kabla ya 2011 Misri ilikwisha kuonja ugomvi wa aina hii. Tarehe 18 na 19 Januari 1977 serikali ilipoondoa ruzuku ya vyakula, miji ililipuka kuanzia Alexandria hadi Aswan, mpaka bei zikarudishwa. Watu waliita intifada ya mkate. Rais Anwar Sadat akaiita intifadat al-haramiyya, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani: intifada ya maharamia. Intifada maana yake ni kujikung'uta, kama mtu anavyokung'uta vumbi kwenye kanzu. Sadat aliliacha neno la watu, akalichomeka tusi nyuma yake. Ufundi huo ulirudi 2011. Televisheni ya taifa ilidai waliopo Medani ya Tahrir wamelipwa na mataifa ya nje na wanaletewa milo ya kuku wa Kentucky (KFC), na watu pale medanini, wengine wakiwa na ful, yaani maharage, na mkate mkavu mkononi, wakaufanya kichekesho.

Neno zito kuliko yote katika silaha za watawala lilikuwa fitna. Kwetu fitina ni umbea wa kugombanisha watu, jambo la jirani na mke mwenza. Kwa Kiarabu ni balaa la umma kuvunjika na Waislamu kuuana, kumbukumbu inayorudi hadi kuuawa kwa Khalifa Uthman. Machi 2011 Baraza la Maulamaa Wakuu la Saudi Arabia lilitoa tamko kwamba maandamano ni haramu kwa sababu yanaleta fitna. Mwisho wa mwezi huo huo Bashar al-Assad, mkuu wa chama kisicho cha kidini na hasimu wa Riyadh, alisimama bungeni Damascus akasema kuzika fitna ni wajibu wa kitaifa, kimaadili na kidini. Mahasimu wawili, kamusi moja.

Kilichowasha Syria kilikuwa sentensi iliyoandikwa ukutani na watoto wa shule huko Daraa: "Zamu yako imefika, daktari." Assad alisomea udaktari wa macho. Watoto walikamatwa na kuteswa, wazazi wakaandamana, na 18 Machi 2011 risasi zikaua. Serikali ilisema ni magenge yenye silaha. Juni mwaka huo Assad alizifananisha njama na vijidudu vya maradhi. Wananchi kwa upande wao walikuwa wakipiga kura kwenye Facebook kuchagua jina la kila Ijumaa ijayo, kwa sababu Wamisri walikwisha kuonyesha kwamba Ijumaa yenye jina inatoka na watu wengi: Ijumaa ya Ghadhabu 28 Januari, Ijumaa ya Kuondoka 4 Februari.

Facebook, naam. "Mapinduzi ya Facebook" ni jina ambalo mimi binafsi limenikera kuliko yote. Ni kweli ukurasa wa kumkumbuka Khaled Said, kijana aliyeuawa na polisi Alexandria Juni 2010, ndio uliotangaza maandamano ya 25 Januari, siku ya sikukuu ya polisi. Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa ya Ghadhabu serikali ilikata intaneti karibu nchi nzima na kuzima simu za mkononi, na kesho yake ndipo watu walipotoka wengi kuliko siku zote zilizotangulia, wakawashinda polisi madarajani. Na kundi la vijana la 6 Aprili lilipata jina lake kutokana na mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo wa Mahalla mwaka 2008. Mwaka huo huo wa 2008, Tunisia, wachimba fosfeti na wasio na ajira wa Gafsa waliasi kwa miezi kadhaa, na dunia haikuwa na jina kwao. Waliosuka kamba ni hao. Aliyepigwa picha ni mwenye simu.

Jina lenye bei

Kufikia hapa mtu anaweza kusema haya ni mambo ya maneno, na maneno hayavunji mfupa. Basi tutazame Misri, Julai 2013.

Mohamed Morsi wa Udugu wa Kiislamu alichaguliwa 2012. Mwaka mmoja baadaye, 30 Juni 2013, umati mkubwa sana ulitoka kumpinga, na 3 Julai Jenerali Abdel Fattah el-Sisi akatangaza kwenye televisheni kwamba Morsi si rais tena. Kwa wafuasi wa jeshi hiyo ni Thawra ya 30 Juni. Kwa Udugu ni inqilab. Waliokuwa Tahrir mara zote mbili, 2011 na 2013, walipasuka katikati, ndugu kwa ndugu.

Sasa, sheria ya Marekani inakataza misaada kwa nchi ambayo jeshi lake limemwondoa kiongozi aliyechaguliwa. Misri ilikuwa ikipata dola bilioni 1.3 za msaada wa kijeshi kila mwaka. Serikali ya Obama ikatafuta njia ambayo wakili yeyote wa Kariakoo angeipigia makofi: ilisema hailazimiki kuamua kama yaliyotokea ni mapinduzi ya kijeshi au la. Haikukataa, haikukubali, ililiacha neno mezani bila kuligusa. Waziri wa Mambo ya Nje John Kerry alifika mahali pa kusema jeshi lilikuwa linarejesha demokrasia. Oktoba baadhi ya silaha zilizuiliwa kwa muda, lakini neno lenyewe halikutamkwa.

Umoja wa Afrika ulikuwa na msamiati wake: "mabadiliko ya serikali kinyume cha katiba." Chini ya kichwa hicho ulisimamisha uanachama wa Misri 5 Julai, siku mbili tu baada ya tangazo, ukairudisha Juni 2014 Sisi alipokwisha kuchaguliwa. Hata hivyo Februari 2011, baraza la majenerali lilipochukua nchi baada ya Rais Hosni Mubarak kuondoka, Umoja huo huo haukuisimamisha. Majenerali wale wale, katiba imewekwa kando vile vile. Tofauti ilikuwa hadithi iliyowatangulia.

Katikati ya Agosti 2013 askari walivunja kambi ya wafuasi wa Morsi katika medani ya Rabaa al-Adawiya. Human Rights Watch lilihesabu waliouawa pale siku moja kuwa 817 kwa uchache. Katiba ya 2014 ilikuja na dibaji inayounganisha siku mbili kwa kistari kimoja, "Mapinduzi ya 25 Januari – 30 Juni," kana kwamba ni treni moja yenye mabehewa mawili. Ndani ya kistari hicho wamo watu wote wa Rabaa.

Syria ilionyesha bei ya aina nyingine. Julai 2012 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilisema mapigano sasa ni vita vya ndani ya nchi karibu nchi nzima, wakati awali iliyahesabu hivyo katika maeneo machache tu. Kwa msomaji wa kawaida hilo lilikuwa kutaja dhahiri. Kisheria lilibadili mambo: sheria za vita zilianza kuzifunga pande zote, na kushambulia raia kukaweza kushtakiwa kama uhalifu wa kivita. Lakini kwa yule aliyetoka Daraa akiwa na bango la kadibodi, "vita vya wenyewe kwa wenyewe" lilikuwa jina la kumsawazisha na aliyemdondoshea bomu. Wengi waliendelea kusema thawra mpaka Assad alipokimbilia Moscow, 8 Desemba 2024.

Bahrain walikwenda mbali zaidi. Walifuta mpaka mahali. Waandamanaji wa 14 Februari 2011 walipiga kambi kwenye mzunguko wa barabara wa Lulu jijini Manama. Katikati yake ilisimama sanamu ya nguzo sita, kama matanga, zimebeba lulu moja juu, kumbukumbu ya nchi sita za Ghuba na ya wazamia lulu wa zamani. Machi 14 majeshi yakiongozwa na Saudi Arabia yakavuka daraja. Machi 18 sanamu ilibomolewa, televisheni ya taifa ikieleza kwamba mahali pale pamenajisiwa na panahitaji kusafishwa. Mzunguko ukafanywa makutano yenye taa na jina jipya. Kulikuwa na sarafu ya fils 500 yenye picha ya sanamu ile. Nayo ikaondolewa kwenye mzunguko wa fedha. Mtu angeweza kukaa Manama akiwa na ushahidi mfukoni, kisha mfuko nao ukasafishwa.

Oman, kwa ndugu zetu wa Muscat na Sohar, mambo yalikuwa ya kiasi. Sohar walikusanyika Februari hiyo hiyo wakidai ajira na kupinga ufisadi, na mtu aliuawa. Sultan Qaboos akawaondoa mawaziri kadhaa na kuahidi nafasi 50,000 za kazi. Jina kubwa halikupatikana. Jordan nako umati ulibadili neno moja tu kwenye ile kaulimbiu ya Cairo: badala ya isqat, kuangusha, wakasema islah, kutengeneza. Wananchi wanataka nidhamu itengenezwe. Herufi chache, na mfalme akalala usingizi.

Hata "Kiarabu" chenyewe kwenye "maasi ya nchi za Kiarabu" kina wenye kukikataa. Algeria, wananchi walioanza kutoka kila Ijumaa tangu 22 Februari 2019 waliita harakati yao Hirak, ndugu wa damu wa harakati yetu, na Aprili 2 Rais Abdelaziz Bouteflika akajiuzulu. Walibeba bendera ya taifa pamoja na ile ya Waamazighi, watu waliokuwapo kabla ya Kiarabu kufika. Juni mkuu wa majeshi akaipiga marufuku hiyo ya pili, na vijana wakafungwa kwa kuibeba. Sudan, maasi yaliyoanza Desemba 2018 na kumng'oa Omar al-Bashir 11 Aprili 2019 yalipata jibu zuri zaidi. Serikali ilipowasingizia wanafunzi wa Darfur kwamba ndio wavurugaji, umati wa Khartoum ukapaza sauti: "Ewe mbaguzi mwenye kiburi, nchi nzima ni Darfur." Nao Wasudani hukasirika wakiambiwa wamechelewa kwenye Machipuko ya 2011. Walikwisha kuwaangusha majenerali wawili kwa maandamano na migomo, Oktoba 1964 na Aprili 1985, kabla wengi wa vijana wa Tahrir hawajazaliwa.

Tunisia, mahali pa kuanzia, bado wanagombana. Nani aitwe shahidi, kwa mfano, maana shahid wao hutoa ushahidi kwa damu, wala si kwa kizimba kama wetu. Tume ya uchunguzi ilihesabu waliokufa 338. Orodha rasmi iliyochapishwa kwenye gazeti la serikali miaka 10 baada ya tukio ilikuwa na majina 129, na kila mzazi ambaye mwanawe hayumo alijua amenyimwa nini.

Halafu tarehe. Kwa miaka 10 sikukuu ya mapinduzi ilikuwa 14 Januari, siku Ben Ali alipokimbia, siku ya jiji la Tunis na barabara yake kuu ya Habib Bourguiba. Julai 25, 2021, Rais Kais Saied alisimamisha Bunge. Wapinzani wakaita inqilab, wakaunda hata kundi la wananchi dhidi ya inqilab. Wenzao upande wa rais wakasema ni kusahihisha njia ya mapinduzi; neno ni tashih, lile lile la Hafez al-Assad. Desemba mwaka huo rais akaihamisha sikukuu kwenda 17 Desemba, siku ya Bouazizi, akieleza kwamba hapo ndipo mlipuko ulipoanza na kwamba 14 Januari ndipo ulipotekwa. Huko Sidi Bouzid wapo waliofurahi kwa dhati. Siku zote walisema jiji liliwaibia mapinduzi yao.

Tarehe 14 Januari 2022 mamia ya watu walijaribu kuifikia barabara ile ya Bourguiba, ambako miaka 11 kabla umati ulisimama mbele ya Wizara ya Mambo ya Ndani ukimwambia Ben Ali kwa Kifaransa, neno moja tu, toka. Mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku kwa sababu ya Korona. Polisi wakawafungulia maji ya mabomba ya shinikizo, watu wakalowa hadi mifupani, kwenye baridi ya Januari, wakiadhimisha siku ambayo kalenda ya serikali haikuitambua tena.